Shajara ya mradi: kutoka pampu ya mafuta hadi kiti cha rubani

Januari 2025

Lengo: urubani wa helikopta katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, kwa cheo cha afisa mteule.

Nilipo: Fort Campbell, mpakani mwa Kentucky na Tennessee. Askari wa mafuta, kazi inayoandikwa 92F. Umri miaka 29.

Kinachopungua: uraia, alama za GT (za mtihani wa uwezo wa jeshi), mtihani wa SIFT (wa kuchuja waombaji wa urubani), cheti cha afya ya urubani, barua za wakubwa. Yaani karibu kila kitu isipokuwa hamu.

Nimefungua shajara hii kwa sababu swali ni lile lile, litoke Tanga, Mwanza au Minneapolis: "Kaka, nikijiunga na jeshi la huko watanisomesha urubani?" Jibu langu siku zote ni kwamba jeshi halimsomeshi urubani mtu aliyejiunga. Linamsomesha mtu aliyeomba urubani, na hayo ni maombi mengine kabisa, yenye faili lake, mitihani yake na bodi yake.

Jeshi la Anga, Jeshi la Maji na Marine wanataka rubani awe afisa mwenye shahada ya chuo. Jeshi la Nchi Kavu ndilo lililoacha mlango kwa asiye na shahada, kupitia maafisa wateule. Usimfananishe na afisa mteule wa JWTZ, yule mzee wa gwaride anayeogopwa na kuruta wote. Huyu wa huku ni fundi wa jambo moja, na kwa walio wengi katika usafiri wa anga jambo hilo ni kurusha helikopta mpaka astaafu. Shule inayodaiwa ni ya sekondari tu. Umri usiwe umefika miaka 33. Ila lazima uwe raia wa Marekani, na hapo ndipo sisi wa grinikadi tunapokwama.

Raia anaweza kutoka mtaani moja kwa moja na kusaini mkataba wa urubani kabla hajavaa buti. Mwenye grinikadi anaingia kama askari wa kawaida, katika kazi zisizodai kibali cha kushika siri za jeshi: jikoni, stoo, malori, mafuta. Sajenti wa usajili aliniambia, "Ukishaingia utaomba urubani." Hakunidanganya. Alichoniachia nikisome mwenyewe ni kwamba mkataba wangu hauna mstari hata mmoja wenye neno hilo. Nilisaini nikijua, maana wakati huo nilikuwa nabeba boksi kwenye ghala la mizigo, na jeshi lilikuwa na bima ya afya.

Kazi yenyewe siidharau. Helikopta ya Black Hawk inatua mapanga yakiwa bado yanazunguka, wewe unaingia chini yake umeinama, unaunganisha waya wa kuondoa umeme tuli kwanza, halafu nozeli. Matangi yake yanabeba karibu galoni 360. Rubani anakuangalia kupitia kioo, unamwonyesha kidole gumba, anaondoka. Nimeviangalia viti vile kwa karibu kuliko vijana wengi wanaoviota.

30 Januari

Jana usiku Black Hawk ya jeshi imegongana na ndege ya abiria iliyokuwa ikikaribia kutua Washington. Watu 64 kwenye ndege, watatu kwenye helikopta, hakuna aliyepona. Kambi nzima inaongea chinichini.

Mama alipiga kabla sijaamka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Kambini, mama. Mimi sirushi, natia mafuta tu."

"Basi endelea kutia mafuta."

Sikumwambia kuhusu faili.

Februari

GT yangu ilikuwa 104. Urubani unataka 110, na hiyo namba haina msamaha. Ukiwa na 109 hata jenerali hakusaidii. GT inatokana na hesabu za maneno na Kiingereza. Hesabu za uwiano na mwendokasi hazinisumbui, mwalimu wangu wa Muheza alizipigilia kwa fimbo. Kilichonishusha ni msamiati, yale maneno ya Kiingereza ambayo hakuna anayeyasema isipokuwa mtunga mtihani.

Jeshi lina darasa la bure la kuinua alama hizo, linaitwa BSEP. Kiongozi wako akikuruhusu, unakwenda darasani saa za kazi. Darasani kwetu kulikuwa na Mmexico, Wahaiti wawili, Mfilipino na kijana wa Alabama aliyesema waziwazi kwamba shuleni alikuwa analala. Mwisho unarudia mtihani. Nimetoka na 115. Kipengele hiki kimefungwa.

Wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani linalochunguza ajali za usafiri, wametoa maelezo kuhusu ajali ya Washington: kipimo cha redio kilionyesha helikopta ilikuwa futi 278, kwenye njia ambayo kikomo chake ni futi 200. Marubani wetu wanabishana juu ya tofauti kati ya kipimo cha redio, kinachopima umbali halisi hadi chini, na kipimo cha shinikizo la hewa, kinachokisia urefu kutokana na uzito wa hewa na kinachohitaji kurekebishwa kulingana na hali ya siku ile. Mimi nilikuwa nakariri habari hizo kwa ajili ya mtihani. Sasa nazisoma polepole zaidi.

Machi

Hii ndiyo sehemu ngumu ya mradi, na haihusiani na ndege.

Askari mwenye grinikadi anaweza kuomba uraia mapema sana. Sheria ya Marekani inahesabu kipindi chote tangu 11 Septemba 2001 kuwa cha mapambano, na anayetumikia katika kipindi hicho hasubiri miaka mitano kama mwenye grinikadi asiye askari. Unajaza fomu N-400, kikosi kinakusainia N-426 kuthibitisha utumishi wako, na ada hulipi. Wenzangu wengi waliomba wakiwa bado mafunzoni. Mimi nilijizuia kwa makusudi.

Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Ukiapa kwingine kwa hiari yako, wa kwetu umekwisha. Mkenya mmoja wa kikosi chetu, mtu wa Kericho, ananicheka: Katiba yao ya 2010 ilimaliza jambo hilo, yeye ana pasi mbili kwenye droo moja. "Wewe unachagua nini? Si uchukue zote!" Namweleza, haamini.

Kwetu kuna shamba la machungwa Muheza. Si kubwa, lakini baba alilinunua kwa pesa ya mkonge na kila mara amesema litakuwa langu, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kiume pekee. Sheria ya ardhi kwa kawaida haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, kwa utaratibu maalumu. Kwa hiyo kiapo changu cha Nashville kinagusa mipaka ya shamba la Muheza.

Tulikaa kikao kwa simu, baba, mama, baba mdogo na dada yangu mkubwa. Baba mdogo alianza: "Ukichukua pasi yao, hapa utakuja kama mgeni. Utagongewa mhuri wa kuingia nyumbani kwenu." Mama alitaja habari za hadhi maalumu kwa diaspora, ambayo Bunge limeipitisha mwanzoni mwa mwaka huu. Ni hatua, nami sitaibeza, lakini hadhi si uraia. Hupigi kura kwa hadhi.

Baba alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza swali moja tu: "Hiyo kazi unayoitafuta, wanampa asiye raia?"

"Hapana, baba. Rubani anahitaji kibali cha kushika siri za jeshi, na kibali hicho hakipewi asiye raia."

"Basi shamba litaandikwa kwa dada yako."

Dada hakusema kitu. Nilimpigia baadaye peke yake. Akaniambia yeye ndiye aliyekuwa akipalilia miaka yote, na kama ingekuwa kwa haki lingeandikwa kwake tangu zamani. Sikuwa na la kujibu, kwa sababu ni kweli. Nyaraka zinaandaliwa kwa jina lake.

N-400 imetumwa.

Aprili

SIFT. Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo watu wanapopoteza nafasi.

Ni mtihani wa kompyuta wenye sehemu saba. Alama zinaanzia 20 hadi 80, na unahitaji 40. Unaruhusiwa kuufanya mara mbili tu maishani. Na ukipata 40 au zaidi mara ya kwanza, hurudii tena hata ukitaka. Alama hiyo utazikwa nayo. Bodi wanaiona. Kwa hiyo kwenda kujaribu tu uone ulivyo, kama tunavyofanya na leseni ya gari, ni hatari.

Sehemu ya kwanza ni michoro rahisi: maumbo matano, moja halifanani na mengine. Maswali 100, dakika mbili. Huwezi kuyamaliza, wanapima jicho na ujasiri wa kuendelea. Ya pili ni maumbo yaliyofichwa ndani ya mistari mingi, maswali 50 kwa dakika tano. Kuna sehemu inayokuonyesha mandhari kama inavyoonekana kutoka kiti cha rubani, useme ndege imeinama vipi na inaelekea wapi. Kuna ufahamu wa Kiingereza, hesabu na umekanika. Hizo mbili za mwisho zinabadilika kulingana na majibu yako: ukipatia, linalofuata linakuwa gumu. Watu wanatoka wamekata tamaa kumbe walikuwa wanafanya vizuri.

Sehemu ninayoipenda ni maarifa ya helikopta. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inatoa kitabu chake cha helikopta bure mtandaoni, na maswali mengi yanafanana na yaliyomo. Nimekuwa nikisoma sura kwa sura usiku, halafu asubuhi naangalia yale yale kwenye uwanja wa mafuta.

Mfano: helikopta ikienda mbele, panga linalokwenda mbele linakutana na upepo mwingi zaidi kuliko lile linalorudi nyuma. Kama hakuna kilichofanyika, upande mmoja ungebeba zaidi na chombo kingepinduka. Ndiyo maana mapanga yameachiwa nafasi ya kupanda na kushuka yanapozunguka, ili tofauti hiyo ijisawazishe. Lakini ukizidisha mwendo, panga linalorudi nyuma linakosa upepo wa kutosha na kuanza kupoteza unyanyuko. Hapo ndipo helikopta ilipowekewa ukomo wa kasi, na wala si udhaifu wa injini.

Mfano mwingine, mama angetaka kuujua huu: injini ikizimika helikopta haianguki kama jiwe. Rubani anashusha wenzo wa kolektivu upesi, mapanga yanalala, na hewa inayopanda kutoka chini wakati chombo kinashuka inaendelea kuyazungusha. Karibu na ardhi anautumia mzunguko huo uliobaki kujipunguzia kishindo. Wanafanya zoezi hilo shuleni tena na tena.

Black Hawk inapoondoka uwanjani kwetu huwa inatetemeka kidogo ikishika mwendo, halafu ghafla inapata nguvu na kupanda. Nilidhani ni rubani anaongeza injini. Kumbe ni pale mapanga yanapoiacha hewa yao yenyewe iliyochafuka na kuingia kwenye hewa safi, kwenye kasi ya noti kama 16 hadi 24. Sasa nikiona mtetemo ule najua kinachofuata, na nikiwa na mwenzangu pembeni namwambia "sasa" kabla haijapanda. Wamenichoka.

Mei

Tarehe 1 jeshi limetangaza mageuzi makubwa. Vikosi vya anga vya upelelezi vinaondolewa kwenye brigedi za helikopta, na maneno ni droni, droni, droni. Kwenye chumba cha chakula kila mtu amekuwa mchambuzi. "Unaomba kazi ya kurusha kitu kinachoondolewa," aliniambia sajenti mmoja ambaye hajawahi kuomba chochote. Naendelea. Waliojeruhiwa bado watabebwa na mtu.

Juni

Mambo yamekuja kwa pamoja.

Tangu tarehe 1 kipimo cha nguvu za mwili kimebadilika: ACFT imeondoka, imekuja AFT yenye mazoezi matano badala ya sita. Kile cha kurusha mpira mzito kwa nyuma kimefutwa, nami sitakikumbuka. Mbio za maili mbili zimebaki.

Jina la kambi ya shule ya urubani, kule Alabama, nalo limebadilika tena. Ilikuwa Fort Rucker, kwa heshima ya kanali wa waasi wa Kusini. Mwaka 2023 ikawa Fort Novosel. Sasa inarudi kuwa Rucker, wakisema ni Rucker mwingine, rubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Siasa zao siziingilii. Lakini Novosel alistahili kuandikwa hapa, maana kisa chake ndicho nilichokuwa nikiwasimulia wanaodhani afisa mteule ni cheo cha waliofeli. Michael Novosel alirusha B-29 katika Vita vya Pili. Baadaye alikuwa luteni kanali wa akiba wa Jeshi la Anga, na wakati wa Vietnam akaambiwa vyeo vya juu vimejaa. Akaacha cheo chake, akaja Jeshi la Nchi Kavu kama afisa mteule ili arushe helikopta za kubeba majeruhi. Tarehe 2 Oktoba 1969 aliwaokoa askari 29 wa Vietnam Kusini chini ya risasi, akapewa Medali ya Heshima. Katika utumishi wake kule alibeba majeruhi zaidi ya 5,500. Mwanawe alikuwa rubani kikosi kile kile. Kwa nyakati tofauti baba aliangushwa akaokolewa na mwana, na mwana akaokolewa na baba.

Na kiapo. Tulikuwa ukumbini watu wa nchi nyingi, wengine na watoto wao. Kiapo kinakutaka uukane utii kwa mfalme au dola yoyote ya kigeni uliyokuwa raia wake. Nilitamka. Nilipotoka nilituma picha ya cheti kwenye kundi la familia. Mama akajibu kwa dua. Baba mdogo hakujibu. Dada aliandika: "Hati ya shamba imetoka. Karibu Muheza kama mgeni wangu."

Uraia: umefungwa.

Julai

SIFT imefanyika. Alama 58. Si ya kutambia, wala si ya kuficha. Maumbo yaliyofichwa yalinila, hesabu zilinibeba. Kwa kuwa nimevuka 40, hakuna kurudia, na sihitaji tena kuota maumbo usiku.

Agosti

Uchunguzi wa afya ya rubani, daraja la 1A. Wanakutia matone machoni yanayolegeza misuli ya jicho ili usiweze kujikaza kuona, halafu wanapima. Bila miwani usizidi 20/50, na kwa miwani ufike 20/20 kila jicho. Rangi, masikio, moyo, meno. Kisha utepe wa kupimia: urefu wa kukaa usizidi sentimita 102, mikono ukiinyoosha ifike 164 kutoka ncha hadi ncha, miguu kwa ndani isipungue 75. Kuna mtu mrefu aliyefika na ndoto zake zote akakwamishwa na kiwiliwili. Mimi nimepita kila kipimo, ingawa mchana ule sikuweza kusoma hata simu yangu.

Barua zilinitia wasiwasi zaidi. Unahitaji ya kamanda wa kampuni, ya kamanda wa batalioni, na ya rubani mteule mkongwe. Ya mwisho ndiyo bodi wanaisoma kwa makini, kwa sababu hao ndio watakaokaa kiti kimoja na wewe. Nilimwomba mwalimu wa urubani ambaye nimemtilia mafuta mara nyingi bila kujua jina lake la kwanza. Hakunikaribisha ofisini. Alinisimamisha pale pale kwenye lami.

"Injini zote mbili zimezimika, uko futi 500, unakwenda mbele. Cha kwanza?"

"Kolektivu chini, bwana."

"Kwa nini?"

Nikamweleza mapanga na hewa inayopanda. Akauliza kama naogopa. Nikamwambia mama yangu anaogopa kwa niaba ya ukoo mzima. Akacheka, akasema nimletee rasimu ya wasifu wangu Ijumaa. Wasifu aliurudisha umejaa wino mwekundu: kila mahali nilipoandika "tulisaidia" ameandika pembeni "wewe ulifanya nini?" Sisi tumelelewa kutojisifu, na bodi ya Kimarekani haina namna ya kusoma unyenyekevu. Niliandika upya: nilisimamia, niliongoza, nilifundisha. Kila neno ni kweli, ila lilinitoa jasho kuliko mbio za maili mbili.

Septemba

Habari mpya: jeshi litapunguza nafasi kama 6,500 kati ya takribani 30,000 za usafiri wake wa anga katika mwaka wa fedha 2026 na 2027. Wenye kazi tayari watapitishwa kwenye jopo, wabaki au wahamishwe. Hii si habari njema kwa mtu anayegonga mlango wa kuingia.

Nimepiga hesabu upya, si ya alama bali ya maisha. Tangu Oktoba 2020 rubani mpya anadaiwa miaka kumi ya utumishi, na inaanza kuhesabiwa akimaliza shule ya urubani, si anapoingia. Shule yenyewe ina foleni: kozi ya maafisa wateule, mafunzo ya kunusurika na kutoroka mateka, kuzamishwa kwenye maji ndani ya kiunzi cha helikopta ujifunze kutoka, ndipo helikopta ya Lakota ya kujifunzia, ndipo helikopta utakayopangiwa. Nikichaguliwa leo, deni langu litaisha nikiwa nimevuka miaka 40. Nimekubali. Mwenye haraka ya kwenda kuendesha ndege za abiria asipite njia hii, atajilaumu.

Faili limetumwa wiki hii. Matokeo ya bodi huwa ya aina tatu: umechaguliwa, hufai, au FQ-NS, yaani unafaa kikamilifu ila hukuchaguliwa. Marubani wawili niliowauliza walianza na hiyo ya tatu. Wakati wa kusubiri, nimejiandikisha masomo ya ndege ndogo uwanja wa Clarksville, Jumamosi, kwa pesa yangu. Bodi haidai, lakini nataka kujua kama tumbo langu linakubali kabla ya kumpa mtu miaka kumi.

Mama ameshaambiwa. Dada ndiye aliyemwambia, kwa hiari yake, wakati wa kuvuna.

Kwa wanaoniandikia: nitumieni kwanza umri wenu, aina ya makaratasi mliyonayo, na kama cheti chenu cha shule kimetathminiwa na wakala wa Marekani. Aliye Kenya na anataka KDF, jeshi la huko, njia yake ni ukadeti, si ukuruta, na mwisho ni miaka 26 na wastani wa B. Aliye Tanzania aulize JKT. Aliye na viza ya matembezi asiniulize, na sajenti yeyote akimwambia inawezekana, amwombe aandike.